Lupango Kabla ya Mbwa: Kumpokea Mtoto wa Mbwa Kilembwe

Maandalizi ya kumpokea mtoto wa mbwa huko Kilembwe, makao makuu ya sekta ya Lulenge katika wilaya ya Fizi, hayawezi kueleweka mtu akianza na nyumba, kwa sababu mbwa wa huko hapokewi katika chumba chenye mlango na sakafu bali hupokewa lupangoni, na lupango ni kiwanja kizima cha familia, pamoja na nyumba ya kulala, jiko lililojengwa kando, choo cha shimo, kibanda cha kuku, mahali pa kuanikia mihogo na kijia ambacho majirani hukipita bila kuomba ruhusa wakielekea mtoni. Vitabu vingi vya malezi ya mbwa vilivyoandikwa Ulaya na Marekani huchukulia kwamba familia ina mlango wa kufunga na ua usioingiwa na mwingine, na ingawa ushauri wake si mbaya, unajibu maswali ambayo Kilembwe hayaulizwi. Kinachoulizwa Kilembwe ni mbwa huyo atakuwa wa nani, atalishwa na nani, na ni nani atakayesimama mbele ya jirani siku mtoto wa jirani atakapoumwa. Na yasipojibiwa kabla mnyama hajafika, hata kibanda kizuri na bakuli jipya havitamzuia kuwa mbwa wa njiani.

Zamani mambo hayo hayakuhitaji kusemwa. Wazee wa familia moja ya Lulenge, ambayo kumbukumbu yake ndiyo msingi wa kurasa hizi, walikulia katika nyumba za wawindaji, na mbwa wa mwindaji alikuwa na mwenyewe anayejulikana kijijini kote. Katika misitu ya Kongo hutumika mbwa wadogo wenye masikio yaliyosimama na mkia uliopinda mgongoni, wa jamii ambayo Waingereza waliipeleka kwao katika miaka ya 1930 na kuiita Basenji. Mbwa hao hubweka kwa nadra sana, na kwa hiyo huvishwa shingoni kengele ya mti au ya kibuyu ili mwindaji afuate mlio wake porini. Mtoto aliyezaliwa katika nyumba kama hiyo alijua bila kufundishwa kwamba mbwa anayekula hashikwi, kwamba jike lenye watoto haliendewi, na kwamba mtoto wa mbwa hatolewi kwa mama yake kabla hajaanza kula mwenyewe.

Ujuzi huo ulikatika. Vita vya mwaka 1996 na vile vilivyoanza Agosti 1998 viliwavusha watu wa Fizi Ziwa Tanganyika kwa maelfu, na wengi wao waliishi miaka katika kambi za mkoa wa Kigoma, hasa Nyarugusu, iliyofunguliwa Novemba 1996, na Lugufu. Mbwa hawakupanda mitumbwi. Safari za kurudi zilizoandaliwa na shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi zilipoanza mwaka 2005, meli zikitoka Kigoma hadi Baraka, familia hiyo ilirudi na vijana waliozaliwa ng'ambo au waliovuka wakiwa mgongoni, ambao hawakuwa wamewahi kuishi na mbwa lupangoni. Walipoamua kufuga ili kulinda mbuzi na mavuno, wazee walilazimika kuyatafutia maneno mambo ambayo wao wenyewe hawakuambiwa na mtu, na ni kutokana na kazi hiyo ya kueleza, iliyokuwa ndefu na wakati mwingine yenye ugomvi, kwamba mengi ya yanayofuata yanajulikana.

La kwanza lililobishaniwa lilikuwa umiliki. Vijana walisema mbwa atakuwa wa wote, na bibi wa familia akalikataa jibu hilo papo hapo, akiwaambia, "Mbwa wa wote ni nani atakayekumbuka kumpa maji?" Aliyetajwa mwishowe ni mjukuu wa kiume aliyekuwa karibu kumaliza shule ya msingi, na shangazi yake akawekwa kuwa wa pili, wa kumlisha mnyama wakati kijana yuko shuleni au shambani. Agizo hilo laweza kuonekana dogo, lakini lina uzito wa kitabibu pia: chanjo huletwa kwa mbwa ambaye kuna mtu wa kumkamata na kumshika, na mbwa asiye na wa kumshika ndiye hubaki bila kuchanjwa, akawa hatari kwa kijiji kizima.

Umri wa kumchukua mtoto wa mbwa ulikuwa jambo la pili. Wauzaji, ambao hupenda kuuza mapema ili wasiendelee kulisha, humtoa akiwa na wiki nne au tano, akapakiwa katika kikapu nyuma ya pikipiki kutoka Baraka au Fizi na kufika amejaa vumbi na matapishi. Umri unaofaa ni wiki nane hivi, kwa sababu katika wiki za kabla ya hapo ndugu zake na mama yake humfundisha kipimo cha kuuma, yaani nguvu ambayo meno yanaweza kutumia katika mchezo bila kuumiza. Hata hivyo kuchelewa sana nako kuna gharama. Mwaka 1961 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio ambalo watoto wa mbwa walilelewa katika uwanja uliozungushiwa ua bila kugusana na binadamu, na wale waliokutana na watu kwa mara ya kwanza wakiwa na wiki 14 waliwakimbia kama wanyama wa porini. Tangu hapo wataalamu huziita wiki za kuanzia ya 3 hadi ya 12 au ya 14 kipindi cha kuzoea, maana yake muda ambao ubongo wa mbwa hupokea watu, sauti na wanyama wengine kuwa mambo ya kawaida. Kwa Kilembwe maana ya jambo hili ni ya vitendo: anayetaka mbwa asiyeuma wageni amkutanishe na wageni akiwa bado mdogo, wakiwemo wanawake waliobeba mizigo kichwani, wazee wenye fimbo, watoto wanaopiga kelele na pikipiki, badala ya kumfungia gizani ili awe mkali, kama wengi wanavyoamini. Mbwa wa gizani huwa mwoga, na mbwa mwoga humuuma yeyote aliye karibu, kwa kawaida mtoto wa nyumba hiyohiyo.

Ukaguzi wa lupango wenyewe hufanywa kwa urefu wa goti, kwa kuwa mtoto wa mbwa huona ulimwengu kuanzia hapo kwenda chini. Shimo la choo ndilo la kwanza. Vyoo vingi vya kijijini vina tundu lisilofunikwa, ambalo mtu mzima hulivuka bila kufikiri, lakini kiumbe cha kilo mbili kinachofuata harufu hutumbukia, na kumtoa ni kazi ambayo hakuna anayeitaka. Kifuniko cha ubao chenye mpini kinatosha, tena kinapunguza na nzi. Mihogo hufuata. Mihogo michungu, ambayo ndiyo mingi Fizi, ina sumu ya asili ya namna ya sianidi, na sumu hiyo hutoka kwa kulowekwa siku kadhaa, kumenywa na kuanikwa. Maji ya kulowekea, yanayoachwa katika pipa au dimbwi, hayafai kunywewa na mnyama yeyote, na vipande vibichi vilivyodondoka vikusanywe kabla mtoto wa mbwa, ambaye hujaribu kila kitu kwa meno, hajavifikia. Sumu ya panya iliyochanganywa na unga na kuwekwa kwenye pembe za ghala huondolewa kabisa, kwa sababu hakuna pembe ambayo mbwa hataifikia, na panya aliyekufa kwa sumu naye akiliwa huweza kumdhuru aliyemla. Mbabula, yaani jiko la makaa, husogezwa mahali penye kizuizi, na mafiga ya kuni hayaachwi na makaa chini ya majivu, kwa maana usiku wa kiangazi, kati ya Juni na Agosti, majivu yenye joto ndicho kitanda ambacho mtoto wa mbwa hukichagua mwenyewe.

Kitu kimoja hakitajwi na yeyote katika mashauri ya mbwa, nacho ni chandarua. Pindo la chandarua linaloning'inia karibu na sakafu ni mchezo usiokataliwa na mtoto wa mbwa, ambaye hulikamata kwa meno na kulivuta hadi lichanike, na katika nchi ambako malaria huua watoto wengi, tundu la ukubwa wa ngumi si hasara ya kitambaa tu. Vyandarua vya familia hiyo vilianza kufungwa juu kila asubuhi na kuchomekwa chini ya mkeka kila jioni kabla mbwa hajafika, ili zoea litangulie mnyama. Betri za tochi zilizokwisha, nyaya za paneli ya jua na sabuni ya kufulia viliwekwa juu. Hayo hayahitaji maelezo.

Wanyama wengine wa lupango walikuwa suala gumu kuliko vitu. Katika Kivu ya Kusini familia nyingi hufuga simbilisi, wanyama wadogo wasio na mkia ambao hukimbia chini ya vitanda na kuzunguka jikoni wakila maganda na majani, na ambao nyama yao huokoa wiki isiyo na fedha. Kwa mbwa wa damu ya uwindaji, simbilisi ni mawindo yanayopiga kelele na kukimbia, na hakuna kemeo litakaloshinda hilo. Njia ya kweli ni kuwajengea simbilisi kizimba cha mianzi kilichoinuliwa kutoka ardhini, nacho kijengwe wiki kabla ya mbwa, wala si asubuhi baada ya hasara. Kuku ni tofauti. Kuku mwenye vifaranga humfundisha mtoto wa mbwa heshima kwa mdomo wake mwenyewe, na mbwa aliyedonolewa akiwa mdogo mara nyingi hukua akiwapita kuku mbali, kwa hiyo hapa binadamu anaweza kukaa kando na kutazama, mradi awepo.

Kuhusu chakula, desturi ya kumtupia mbwa mabaki baada ya watu kushiba inamfaa mbwa mzima anayejitafutia, lakini haimfai mtoto wa mbwa wa miezi miwili, ambaye tumbo lake ni dogo na anahitaji kula mara nne kwa siku, akishuka hadi mara tatu anapokaribia miezi minne. Bugali peke yake humjaza bila kumjenga. Kinachofaa, na kinachopatikana, ni bugali laini uliochanganywa na ndagala, samaki wadogo wa Ziwa Tanganyika wanaofika Kilembwe wakiwa wamekaushwa, waliooshwa chumvi na mchanga kisha kuchemshwa hadi walainike, kwa sababu huliwa pamoja na mifupa yao na hivyo huleta madini ya mifupa na meno. Mchuzi wenye vitunguu haupewi mbwa, kwa kuwa vitunguu huharibu chembe nyekundu za damu yake. Mifupa ya kuku iliyopikwa haipewi pia, kwani huvunjika kama miiba. Nyama mbichi ya tumbo la mbuzi au ng'ombe, ambayo wachinjaji huwatupia mbwa kwa ukarimu, ndiyo njia ambayo baadhi ya minyoo huzunguka kati ya mifugo, mbwa na watu, na ukarimu huo unastahili kukataliwa kwa adabu.

Minyoo inadai maelezo zaidi, kwani ndiyo inayovuka kutoka kwa mbwa kwenda kwa watoto kimya kimya. Minyoo mviringo ya mbwa, ambayo mayai yake hutoka na kinyesi na kuishi udongoni muda mrefu, humwingia mtoto wa mbwa hata kabla hajazaliwa, kupitia kwa mama yake, na tena kwa maziwa. Ndiyo sababu dawa ya minyoo hutolewa kuanzia wiki ya 2 ya maisha na kurudiwa kila wiki mbili mpaka wiki ya 8, kisha kila mwezi kwa miezi kadhaa. Mtoto wa mbwa mwenye tumbo la mviringo kama ngoma, ambalo wanunuzi hulisifu kuwa dalili ya kushiba, mara nyingi ana minyoo. Mahali pa kujisaidia pachaguliwe mapema, mbali na mahali watoto wanapochezea na mahali mihogo inapoanikwa, na mnyama apelekwe hapo kila anapoamka na kila anapomaliza kula, kinyesi kikifukiwa siku hiyohiyo.

Funza nao wana sehemu yao. Kiroboto huyo mdogo, ambaye jike lake huingia chini ya ngozi ya mguu na kuvimba kwa mayai, hakuwa mdudu wa Afrika. Alitoka Amerika ya Kusini, akafika pwani ya Angola mwaka 1872 kwa meli, na kabla ya karne ya 19 kwisha alikuwa amevuka bara zima katika miguu ya wapagazi na askari hadi pwani ya Bahari ya Hindi, akipita katika nchi za Kongo. Hupenda udongo mkavu wenye vumbi, na mbwa na nguruwe humbeba na kumwongeza. Kwa hiyo mahali pa kulala mtoto wa mbwa pasiwe vumbi la chini ya ghala, bali jukwaa fupi la mbao au mianzi lenye gunia linaloweza kufuliwa na kuanikwa juani. Sakafu ya udongo hunyunyiziwa maji na kufagiliwa, na nyayo za mnyama, hasa katikati ya vidole, hukaguliwa kila wiki na yule aliyetajwa kuwa mwenyewe. Ukaguzi huo una faida ya pili ambayo watu hawaihesabu: mbwa aliyezoea kushikwa miguu na masikio akiwa mdogo atakubali kushikwa siku ya sindano.

Na siku ya sindano ndiyo inayotenganisha maandalizi ya kweli na mapambo. Kichaa cha mbwa ni ugonjwa wa kirusi kinachopita kwa mate, hasa kwa kuumwa, na dalili zikishajitokeza kwa binadamu karibu kila mara huishia katika kifo. Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo 59,000 hivi kwa mwaka, karibu vyote Asia na Afrika, na hadi asilimia 99 ya maambukizi ya binadamu hutoka kwa mbwa. Chanjo ya mbwa ipo tangu zamani, hutolewa kwa kawaida kuanzia miezi mitatu na kurudiwa baada ya mwaka, na inaaminika kwamba wakichanjwa asilimia 70 ya mbwa wa eneo, ugonjwa hukosa njia ya kuendelea. Ugumu wa Kilembwe uko katika barabara na barafu: dawa hutakiwa kukaa katika nyuzi joto 2 hadi 8, nayo husafirishwa kwa pikipiki katika njia ambayo mvua huigeuza tope. Habari njema imetoka Tanzania, ambako uchunguzi umeonyesha kwamba aina mojawapo ya chanjo hiyo huhifadhi nguvu yake kwa miezi kadhaa katika joto la nyuzi 25, jambo linalofanya iwezekane kuiweka vijijini bila friji. Mpaka utaratibu kama huo ufike, wenye mbwa wa kijiji kimoja hufanya vyema kuagiza pamoja, wakachanga nauli ya daktari wa mifugo na kumletea mbwa wote siku moja, kuliko kila mmoja kungoja zamu yake.

Sehemu ya maandalizi, kwa hiyo, ni kuwafundisha watu wa lupango, mbwa akiwa bado hajafika, nini cha kufanya mtu akiumwa: kuosha jeraha kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15 bila kupunguza, kutolifunga kwa majani wala kulipaka mafuta ya mawese, na kwenda hospitali siku hiyohiyo kuulizia chanjo ya binadamu. Mbwa aliyeuma asiuawe kwa hasira ikiwa anaweza kufungwa salama, bali atazamwe siku 10, kwani mbwa ambaye mate yake yalikuwa na kirusi siku ya kuuma ataugua au kufa ndani ya muda huo; akibaki mzima, hofu ya kichaa huondoka. Wazee wa familia hiyo waliona jambo hili kuwa gumu kukubalika kuliko yote, kwa sababu katika ugomvi wa kuumwa, jirani hutaka kuona fimbo ikifanya kazi, na kumwambia angoje siku 10 kunahitaji kwamba uhusiano uwe umetengenezwa kabla.

Uhusiano huo hutengenezwa kwa ziara. Kabla ya kumleta mnyama, babu wa familia aliwapitia majirani wa pande zote, na mmoja wao alikuwa Mwislamu, katika nchi ambayo misafara ya karne ya 19 kati ya ziwa na Kasongo iliacha jamaa nyingi za Kiislamu. Kwa wafuasi wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, chombo kilicholambwa na mbwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo, ingawa mbwa wa kuwinda na wa kulinda mifugo au mazao anaruhusiwa. "Mzee, bakuli lake halitavuka ua," babu alimwahidi, na ahadi hiyo ikaamua mengi: bakuli likatobolewa na kufungwa kwa kamba kwenye kigingi, ua wa upande ule ukaongezewa miti, na kijia cha kwenda mtoni kikasogezwa. Jina nalo lilijadiliwa, kwa maana baadhi ya watu humpa mbwa jina la kumsema jirani, likapaziwa sauti kila jioni kwa kisingizio cha kumwita mnyama. Familia ilichagua jina fupi lisilo na fumbo.

Kamba ya shingoni ilisukwa kwa nguo kuukuu badala ya waya, na kazi ya kuilegeza kila baada ya siku chache ikapewa yuleyule mjukuu, kwani shingo ya mtoto wa mbwa hukua haraka kuliko wanadamu wanavyokumbuka, na kidonda cha kamba iliyozama katika nyama ni ishara inayoonekana katika vijiji vingi ya mnyama aliyepokewa bila kutajiwa mwenyewe. La mwisho kuamuliwa lilihusu kukimbia, kwa sababu katika Fizi hakuna anayepanga bila kulifikiria: iwapo watu watalazimika kuondoka tena, mbwa hatafungwa kwenye kigingi bali atafunguliwa, kadi yake ya chanjo itabebwa katika mfuko mmoja na vyeti vya watoto, na ikiwa jirani mmoja atabaki, ndiye atakayeambiwa mahali unga wa mbwa ulipo.